Sisimizi wa Jiko Jipya

Kama kazi mbovu ingekuwa kosa la jinai peke yake, Inspekta Élise Bolamba angekuwa amekwisha kumfunga mtu kabla hajavuka kizingiti. Jiko jipya la Papa Hamadi lilikuwa na kila aina ya ulegevu ambao mkono wa fundi unaweza kuufanya huku mdomo wake ukijisifu. Karo za ukutani, yaani vigae, zilianza sawa karibu na mlango, kisha zikapanda, zikapanda, na kufika dirishani zimelala upande. Beseni la kuoshea vyombo lilikuwa limeinamia upande usio na tundu, kwa hiyo maji yalibaki pembeni yakingoja mtu ayasukume kwa kiganja. Mlango wa kabati ulifunguka nusu, ukagonga bomba, ukakataa kuendelea.

"Unaona, Mama inspecteur?" alisema Hamadi. "Unaona vile wamenifanyia?"

Hamadi alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, mtu wa ukoo wa zamani wa Kiislamu, na nyumba hii ya Tshopo aliirithi kwa babu yake. Tangu jana hakuwa amelala. Jana mchana mke wake Leila alikuwa ameinua sufuria ya maji akaiweka juu ya meza ya zege, ile ambayo mafundi huiita paillasse, na meza ikakatika katikati ikamwangukia mguuni. Leila alikuwa hospitali, mguu umevunjika. Mwashi aliyeimwaga hiyo zege, Asumani, alikuwa kwenye mahabusu ya kituo, na kesho gari la parquet, ofisi ya mwendesha mashtaka, lingepita kuwachukua washtakiwa kwenda gerezani. Huko mtu huingia kwa miguu yake, lakini kutoka kwake hutegemea wengine. Na hata akitoka, nani tena Kisangani angempa mwiko mtu aliyevunja mguu wa mke wa mtu?

Élise alipiga goti mbele ya vipande. Juu, zege ilikuwa na ngozi laini, ngumu, iliyosuguliwa vizuri. Chini ya ngozi hiyo mambo yalikuwa mengine. Alibana kipande kwa vidole viwili kikamomonyoka kama unga wa muhogo ulioshikana kwa unyevu. Akasimama, akachukua msumari sakafuni, akaukwaruza kwenye linta, boriti ya zege ya juu ya mlango. Msumari uliteleza. Akaugonga kwa jiwe. Msumari ndio uliopinda.

"Linta na meza, ni mutu moja alifanya?"

"Ni Asumani tu. Faustin ni entrepreneur, yee anakuyaka kupiga kelele na kurudi. Kazi ya zege ni Asumani." Hamadi alitikisa kichwa. "Tunasali naye musikiti moja, Mama inspecteur. Njo maana inaniuma sana. Kikulacho kiko mu nguo yako. Simenti alipeleka kwake, miye akanijazia muchanga."

"Ulimuona akipeleka?"

"Nimuone wapi? Mais ona mwenyewe!"

Élise alikuwa anaona, ila hakuwa anaangalia anakotaka Hamadi. Kutoka kwenye kona ya dirisha ulishuka mstari mwembamba mweusi, ukafuata ukuta, ukavuka sakafu, ukaingia katikati ya vifusi. Walikuwa sisimizi. Walikwenda na kurudi kwa adabu ya watu waliozoea njia.

"Mumekwisha kupika humu ndani?"

"Ata chai, bado. Leila alisema mutu wa kwanza kupika atakuwa Mama. Jana alitaka tu kuona kama marmite yake kubwa itaenea pale."

"Na ndani ya marmite kulikuwa nini?"

"Mayi. Mayi ya bomba tu." Hamadi alimtazama kana kwamba polisi naye amekuwa mzigo. "Ni Mama njo aliniambia: mutoto yangu, jengea muke yako jiko ya ndani, asipikie tena mu mvua kama miye. Leo anakaa kule inje, hataki kuangalia ata ule mulango."

Élise alifunga vipande viwili kwenye gazeti, kimoja chenye ngozi na kimoja cha ndani. Wachache kati ya sisimizi walisafiri navyo.

*

Kituoni, Asumani aliletwa mbele ya meza akiwa peku, ameshika suruali yake kiunoni kwa sababu mkanda alikuwa amenyang'anywa. Ndara zake zilikuwa chini ya meza ya Élise pamoja na mkanda, kama kanuni ya mahabusu inavyotaka. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mikono imepasuka kwa saruji.

"Simenti ilitoka wapi?" Élise alianza.

"Mu dépôt ya Papa Hamadi. Yee mwenyewe alifungua sac mbele yangu."

"Linta na paillasse ni sac moja?"

"Sac moja, siku moja. Linta asubuyi, paillasse kisha sala."

"Ulipima namna gani?"

"Kwa ndoo. Kokoto ya caillasse, muchanga, simenti. Ile ya asubuyi na ile ya kisha sala, ni sawasawa tu. Sibadilishake."

Alijibu kila swali kabla halijapoa, bila kujiuma. Élise alipenda mashahidi wa namna hiyo, kwa sababu siku wakichelewa unajua wamefika mahali.

"Kati ya linta na paillasse, ulifanya nini?"

"Nilienda kusali adhuhuri. Mayi ya kuchanganya nilikuwa nimekwisha kuitia mu demi-fût, ile pipa ya kukatwa. Nikafunika na planche ya mbao, nikaenda."

"Nani alibakia pale?"

Asumani aliangalia miguu yake. Nje, mtu alikuwa anabishana na dereva wa pikipiki, na ugomvi wao ulisikika wote, mwanzo hadi mwisho.

"Hakuna mutu," alisema.

"Ulirudi, ukakuta planche iko pale pale?"

"Iko pale pale."

Safari hii alijibu upesi mno. Mtu asiyezoea uongo akiusema huwa kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima, utamjua kwa mwendo tu. Élise akajiuliza ni nani anayefichwa: msaidizi wake, ndugu yake, au mtu aliyemsaidia kutoa saruji kwa mlango wa nyuma?

"Asumani, kesho gari inakuya kukutwala. Kama kuna mutu, uniambie leo."

"Hakuna mutu, Mama inspecteur."

"Na zege ya paillasse ilikauka sawa na ingine?"

Hapo aliinua uso. "Hapana. Ilichelewa. Nilifikiri ni mvua, ni ubaridi, sijui. Nikamuambia Papa Faustin, tuache planche za chini zishikilie kwanza. Yee akasema hapana, anazihitaji ku chantier yake ya Bangboka. Juu yake, siku ingine, na mayi ingine, tukapiga chape, ile ngozi. Ile ngozi ilishika vizuri. Sasa mutu akiangalia, anaona kazi imeisha."

"Na weye ulikubali."

"Nilikubali," Asumani alisema. "Ile kosa ni yangu. Sikatae."

Alirudishwa ndani, suruali mkononi. Élise alibaki akiziangalia ndara zake. Soli zilikuwa zimelika upande mmoja, na kamba ya ile ya kushoto ilikuwa imeshonwa kwa waya.

*

Faustin mkandarasi alikuwa mtu wa kuziba ufa kwa rangi. Élise alimkuta kando ya barabara ya Bangboka, kwenye nyumba ya mtu mwingine mwenye bahati mbaya, akiongea na simu mbili kwa zamu. Kipimo chake cha usawa kilining'inia msumarini, na buibui alikuwa amekwisha kujengea humo. Buibui yule alikuwa amejenga sawasawa kuliko mwenye kipimo.

"Karo zinapanda mulima, Papa Faustin."

"Ah, ile ni mouvement! Macho inapenda mouvement."

"Na beseni?"

"Nyumba ya zamani, Mama inspecteur, ukuta yake haikunyooka. Ukiweka kitu sawa mu nyumba isiyo sawa, kitaonekana kibaya."

Élise alimwacha acheke peke yake mpaka kicheko kikaisha. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Planche za chini ya paillasse ulitoa juu ya nini?"

Faustin akazima simu zote mbili.

"Nilikuwa na haraka," alisema. "Huku pia walikuwa wananingojea."

"Mutu yako alikuambia zege bado."

"Aliniambia."

"Na sasa mwanamuke iko hôpital, na ule aliyekukataza iko cachot, na weye uko hapa na téléphone mbili."

Alikuwa amekwisha kushika pingu. Kesi ilikuwa imejifunga vizuri: haraka ya Faustin, mbao zimeondolewa, meza imeanguka. Haraka haraka haina baraka, hata mtoto wa shule angeandika ripoti hiyo. Lakini Faustin aliinua mikono, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akasema neno lenye maana.

"Mama inspecteur, planche za linta nilitoa saa ile ile. Uende uangalie kama imeanguka."

Élise alikumbuka msumari wake uliopinda. Pingu zikarudi kiunoni. Linta na meza vilitoka kwenye mfuko mmoja wa saruji, kwenye mikono ile ile, na mbao zao ziliondolewa pamoja. Kimoja kimekuwa jiwe, kingine kimebaki unga. Haraka ya Faustin iliiangusha meza, sawa, lakini siyo iliyoilainisha.

"Labda Asumani aliiba simenti ya paillasse," alisema, ili amsikie atasemaje.

Faustin alikunja uso kana kwamba ametukanwa yeye. "Asumani? Yule haibake ata musumari. Ukimupatia misumari, ile inabakia anakurudishia, ata ile iliyopinda. Saa ingine ananichokesha."

"Hayo haukumuambia Papa Hamadi."

"Chantier ikianguka, kila mutu anatafuta kichwa ya kupiga." Faustin aliangalia chini. "Bon. Nilifurahi tu kama kichwa haikukuwa yangu."

Haukuwa ushujaa, lakini ulikuwa ukweli, na Élise aliuchukua hivyo hivyo. Alimwamuru aje Tshopo kesho na kipimo chake, bila buibui.

*

Alipofika tena kwa Hamadi, Mama Binti alikuwa nje kwenye jiko la zamani, kibanda cha bati ambacho moshi wa miaka umekipaka rangi yake. Huyu ndiye mama mzazi wa Hamadi. Alikuwa anaponda ndizi za lituma za kumpelekea Leila hospitali, na kila pigo la mchi lilikuwa na hasira ndani yake, siyo ya ndizi.

"Kaa, mutoto yangu. Utakunywa chai. Polisi pia ni mutu."

Élise alikaa kwenye kigoda. Magoti yake yalikaribia moto wa makaa, na harufu ya samaki wa kuchoma ikamkumbusha kwamba hakuwa amekula. Mama Binti alimimina chai, akavuta kopo la sukari. Kopo lilikuwa limesimama katikati ya sahani yenye maji.

"Mama, juu ya nini sukari inakaa mu mayi?"

"Sisimizi," alisema mama, akimshangaa mtu mzima asiyejua. "Bila mayi watamaliza kopo. Hawa watu hawana haya. Wanasikia sukari kutoka ng'ambo ya mutoni."

"Wanafuata sukari tu?"

"Sukari, asali. Wafuate nini? Simenti watakulia nini?"

Mama alisema hivyo bila kuwaza, akachota vijiko viwili. Élise aliukumbuka mstari ule mweusi ulioshuka dirishani, watu wasio na haya, wakiingia ndani ya zege ya nyumba ambamo hata chai haijapikwa.

"Mama," alisema taratibu, "siku ile Asumani alienda kusali, nani alikuwa mu jiko mupya?"

"Miye."

Hakusita wala hakuficha. Badala yake uso wake ulichangamka kidogo, kama wa mtu aliyeulizwa habari za harusi yake.

"Nilingojea wanaume waende. Ile haiko mambo ya wanaume. Kwetu, mwanamuke akijengewa mafiga, mama ya nyumba anatengeneza mayi ya sukari, nzito kabisa, anasomea, anatia ndani ya udongo mbele haijashika. Miye mama-mukwe yangu alinifanyia pale pale unapokaa. Udongo ya kichuguu, ilikunywa sukari yote, ikawa nguvu mpaka leo. Tunafanya ili maneno ya jikoni ikuwe tamu. Ili mama-mukwe na muke wasigombane." Akafuta jicho kwa kiganja cha mkono kana kwamba ni moshi. "Na sisi hatukugombana, vraiment. Ata siku moja. Leila ni mutoto yangu kupita ule niliyezaa."

"Ulitia wapi, Mama?"

"Mu mayi yao, mu ile fût. Udongo yao ilikuwa bado kavu. Nikasema, ikipita mu mayi, itaingia yote. Nilimimina birika muzima. Nikamuombea Leila, nikamuombea na fundi, mikono yake ikuwe na baraka." Alinyanyua mchi tena. "Sasa ona. Mungu ananionyesha nini?"

Chai ya Élise ilikuwa nzuri, na alishindwa kuimaliza. Hakuwa fundi wa ujenzi, na hakujua sukari inaitenda nini saruji, wala kama inaitenda kitu. Lakini polisi asipojua huuliza, na akikosa wa kumwuliza hujaribu. Aliomba sukari kidogo kwenye karatasi. Mama Binti akampa nyingi, akidhani kwake hakuna. Kisha Élise akaenda dépôt, ghala la Hamadi, akajaza mfuko wa plastiki kwa saruji iliyobaki kwenye ule ule mfuko wa Hamadi.

Kituoni alikoroga kwenye makopo mawili ya sardini, na mlinzi wa zamu akimtazama kwa wasiwasi. Saruji ilikuwa moja na mchanga mmoja. Kopo la kwanza alilitilia maji matupu. La pili alilitilia maji aliyoyakoroga na sukari ya Mama Binti. Akayaweka dirishani, akaenda zake kula.

*

Asubuhi, kopo la kwanza lilikuwa jiwe. Aligonga kwa kitako cha kalamu, likalia kama mlango. Kopo la pili lilipokea kidole chake bila ubishi, potopoto ile ile ya jana, na kwenye ukingo wake sisimizi walikuwa wamekwisha kufika kazini.

Asumani, basi, hakuiba wala hakupunguza kitu. Élise alipaswa kufurahi, na hakufurahi. Angeweza kuandika "saruji mbovu" na kumaliza, na Mama Binti asijue kitu. Lakini saruji haikuwa mbovu, na fundi aliyetolewa bila sababu kusemwa huitwa mwizi aliyehurumiwa mpaka kaburini.

Alichukua makopo kwenye kikapu, akamwambia mlinzi kwamba gari la parquet likifika lisubiri, akaenda Tshopo.

Hamadi alimsikiliza ndani ya jiko jipya, kati ya karo zinazopanda mlima. Faustin alikuwa kwenye beseni, na kipimo mkononi, akijifanya kiziwi. Hamadi aligusa kopo gumu, akagusa laini. Akauliza mara moja tu ni sukari ya nani, na alipojibiwa akaketi kwenye mfuko wa mchanga.

"Mama asijue," alisema. "Nakuomba. Atakufa. Alitia dua ili wapendane, na sasa aambiwe ni yee alivunja muguu ya Leila?"

"Na Asumani?"

"Nitaondoa plainte, ile mashitaki yangu, leo. Kimya kimya. Arudi kwake."

"Arudi na jina gani, Papa Hamadi? Ku musikiti watasema umemusamehe. Atakayemuita kwa kazi ni nani?"

Hamadi alifunika uso. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtoto wa mama yake, na hilo Élise hakuwa na moyo wa kumlaumu nalo.

"Munipatie ile boîte nishike."

Mama Binti alikuwa mlangoni, mlango ule ambao tangu juzi hakutaka hata kuuangalia. Haikujulikana amesimama hapo tangu neno gani. Alivuka kizingiti, akapita juu ya vifusi, akachukua kopo la pili, akatumbukiza kidole. Akawaangalia sisimizi kwa muda mrefu.

"Hii ni sukari yangu," alisema.

"Mama..." Hamadi alianza.

"Nyamaza kwanza." Alifuta kidole kwenye nguo yake. "Kwa udongo haikufanya kitu. Sikujua simenti iko na tabia ingine. Leila nitamuambia miye mwenyewe, atalia, tutalia pamoja. Lakini ule mutoto ya watu iko wapi?"

"Iko cachot, Mama."

"Ita toleka."

Hamadi alisema atamletea gari la rafiki yake. Mama akasema gari litachelewa. Basi mwendesha toleka alikuja, akamkalisha mama kwenye mto wa nyuma wa baiskeli yake. Hamadi akatembea kando amemshika mkono, kanzu imejaa vumbi, na Élise nyuma yao na kikapu. Watu walisimama kuangalia. Mama Binti hakumficha mtu uso.

Gari la parquet lilikuwa limekwisha kufika. Injini ilikuwa inanguruma, na dereva akilalamika juu ya mafuta. Élise alilipita bila salamu, akaagiza Asumani aletwe. Aliletwa peku, suruali mkononi. Alipomwona mama akataka kuinama kumsalimu, lakini mkono mmoja ulikuwa na kazi.

"Asumani," alisema Mama Binti, "siku ile, wakati ya sala, kulikuwa mutu mulangoni. Niliona kivuli tu. Ilikuwa weye?"

Asumani alimwangalia Élise, kisha chini.

"Ilikuwa miye, Mama. Ulikuwa unatoka na birika."

"Na planche ya fût?"

"Ilikuwa imesogea."

"Ulijua sukari inaharibu simenti?"

"Sikujua, Mama. Ata sikujua birika ilikuwa na nini. Nilijua tu kama kuna mutu amegusa mayi, na zege haikushika."

"Na juu ya nini haukusema?" Sasa machozi yalikuwa yanamtoka mama na hakuyafuta. "Wangekutwala, mutoto yangu! Ungesema tu: Mama Binti alipita pale. Ni neno dogo."

"Ningesema mbele ya polisi kama mama ya mutu amemuumiza muke ya mutoto yake?" Asumani alitikisa kichwa. "Sikuwa na hakika. Na nilikusikia mulangoni, Mama. Ulikuwa bado unaomba. Ulikuwa unataja jina yangu."

Dereva wa parquet alipiga honi, Élise akatoka mlangoni akamwambia aende, siku hiyo hapakuwa na mtu wake. Aliporudi alikalia kiti chake, akaandika ripoti kwa ufupi: ajali, bila nia mbaya, maji ya kuchanganyia yalitiwa sukari kwa mila ya nyumba, mbao ziliondolewa mapema kwa amri ya mkandarasi Faustin, mwashi alionya. Sentensi ya mwisho aliisoma kwa sauti ili mlinzi aisikie, na mlinzi akiisikia Tshopo nzima imesikia.

"Jiko utanijengea tena?" Mama Binti aliuliza.

"Nitajenga, Mama. Na dua utaomba." Asumani alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza. "Mais sukari tutakunywa mu chai."

Mama alicheka na kulia kwa pamoja. Hamadi alikuwa bado amesimama kando ya ukuta, mtu aliyekuja na mashtaka na sasa hajui aweke wapi mikono yake. Alisaini pale alipoonyeshwa. Kisha aliinama chini ya meza, akavuta mkanda, akampa mwenyewe. Akavuta ndara, akazipangusa vumbi kwa upindo wa kanzu yake, hata ile yenye waya, akapiga goti mbele ya Asumani na kuziweka moja moja mbele ya miguu yake.

"Vaa, ndugu yangu," alisema, bado amepiga goti. "Mama anasema leo unakula kwetu."